Matanga ya Ghala

Nimwage?
Mwaga, tunakinga!
Nimwage ya moto au vuguvugu?
Vuguvugu, watoto wasiungue!

Haya. Palikuwa na Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akiishi na mama yake mzee. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka, na maji yalikuwa mbali bondeni, kwenye nyoka. Kila asubuhi Sange alikwenda kuteka, na kila asubuhi mama alisimama mlangoni, hakai, mpaka amwone mwanawe amerudi.

Basi kijiji kikaamua kuchimba kisima. Kila nyumba ilete kikapu cha mtama, wachimbaji walipwe. Utunzaji wa ghala akapewa Kiboko, kwa kuwa ana nguvu.

Wakaleta mtama. Wakauliza, kisima kiko wapi? Kiboko akasema mtama umekwisha, leteni tena. Wakaleta tena. Wakauliza, kisima kiko wapi? Umekwisha, leteni tena. Umekwishaje? Hayo ni mambo mazito, akasema, hayawaingii wenye vichwa vidogo. Akaondoka zake, ndi! ndi! ndi! tumbo likiburuzika chini.

Mara ya tatu mama yake Sange alikuwa amebakiwa na kibaba kimoja tu, mbegu ya msimu ujao. Akakifunga kwenye kitambaa ili akipeleke. Sange akamwona anavyolikaza lile fundo.

"Mama, tutapanda nini?"

"Tusipotoa, watasema sisi ndio tuliokwamisha kisima."

"Basi nipe siku tatu."

Sange akapita nyumba kwa nyumba. Kulipokucha, kijiji kizima kikatokea kwa Kiboko na mikeka, kikilia, uwii! uwii! ghala letu! Sange akamshika Kiboko mguu kwa upole.

"Pole sana, mjomba. Ghala kuisha mara mbili si jambo dogo, huo ni msiba. Tumekuja kukaa nawe matanga."

Kiboko akaipokea pole, maana maneno ya kuisha ni yake mwenyewe.

Mila mnaijua. Mfiwa haachwi peke yake, na jiko lake haliwashwi siku tatu. Anakula anacholetewa na majirani. Wakatandika mikeka mlangoni pa ghala, wakamletea uji kwenye kifuu. Fyonz! Ukaisha.

Siku ya kwanza tumbo la Kiboko likalia, ngurr. Majirani wakasema pole. Siku ya pili, ngurr-ngurr. Majirani wakasema pole sana. Siku ya tatu, ngurr-ngurr-ngurr, na Sange akawaambia wenzake kwamba kwa msiba mzito namna hii siku tatu hazitoshi, afadhali wakae mpaka arobaini.

Hapo Kiboko akatokwa na machozi ya kweli.

"Jamani, ghala halijaisha. Limejaa. Tazameni wenyewe."

Akasukuma mlango kwa kichwa, kwacha! ukang'oka. Mtama ukamwagika, chwaaa, mpaka miguuni pa majirani.

Wengine walitaka kumpiga. Lakini mama yake Sange alimwona mtu mzima analia kwa njaa, akamhurumia. Akachota mtama, akampikia uji chungu kizima, akamwambia ale ashibe, kwa sababu kesho anachimba.

Akachimba kweli. Mlango wa ghala haukurudishwa tena. Tangu hapo kila kikapu kinachoingia na kila kinachotoka kilitajwa kwa sauti uwanjani, hata watoto wakasikia. Na asubuhi moja mama yake Sange akaenda kisimani mwenyewe, hatua kumi tu, akarudi na maji, akayaweka taratibu kando ya mwanawe, aliyekuwa bado amelala.

Mmeona, wanangu? Basi msiwe wajuaji. Mkubwa akiwaambia ghala limekwisha, msimwulize limekwishaje. Mwaminini kabisa. Chukueni mikeka, mkakae naye matanga.

Hadithi yangu inaaga. Mwenye miguu aisindikize.