Turubai la Bwawa la Mama Lukelo

"Moto hupasha, kifuniko hutunza." Ndivyo bibi harusi alivyoambiwa jana mbele yenu, nanyi mkacheka mkidhani anafundishwa kupika wali. Leo mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, wekeni hizo sufuria chini mnisikilize. Methali hii haikuzaliwa jikoni. Ilizaliwa uani, kando ya bwawa la kuogelea, na mwanzo wake ni huu.

Pembezoni mwa mji wa Njombe, upande wa njia iendayo Makete, aliishi bwana mmoja jina lake Obedi Mligo. Alikuwa na kiwanda cha kupasulia mbao, na alikuwa mtu wa siku kubwa. Paa la kanisa lilipoezuliwa na upepo, Obedi ndiye aliyeleta mbao na mafundi, na kabla jua halijazama watu walikuwa wanaimba chini ya paa jipya. Jirani akifiwa, wa kwanza kufika alikuwa Obedi, tena hafiki mikono mitupu. Nyuma yake anakokota ng'ombe. Watu walimpenda kwa hilo. Lakini ukimhitaji wiki inayofuata humpati. Amekwisha kuhamia jambo jingine.

Mkewe aliitwa Agnetha, ila wengi walimwita Mama Lukelo, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Huyu alikuwa mtu wa taratibu, mkulima wa viazi, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya. Asubuhi moja alikuwa shambani akipalilia, jembe likamponyoka. Akainama kuliokota, mkono ukakataa. Akaanguka katikati ya matuta na hakuweza kunyanyuka. Kilikuwa kiharusi. Upande wake wote wa kulia ulilala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa taabu.

Obedi alifunga kiwanda siku hiyo hiyo. Alimbeba mkewe mikononi, akamlaza kwenye gari, akakesha hospitalini mpaka manesi wakamwonea huruma. Agnetha aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimweka Obedi kitako.

"Mzee, huyu mama mguu wake haujafa," alisema. "Umesahau kazi tu, inabidi ufundishwe upya. Na njia nzuri ya kuufundisha ni ndani ya maji, maana maji yatambebea uzito. Lakini yawe ya uvuguvugu. Maji ya baridi yatamkaza misuli na kumdhuru."

Sasa nyinyi mnaijua baridi ya Njombe. Mwezi wa sita ukiingia, asubuhi unakuta sakitu imetanda juu ya majani kama chumvi. Maji ya uvuguvugu ya kumtosha mtu mzima kutembea ndani yake utayapata wapi? Lakini swali kama hilo ndilo lililomfaa Obedi. Akauliza huku na kule mpaka akasikia kuna mhandisi mmoja aliyekuwa akihama, naye ana bwawa la kuogelea lisilochimbwa ardhini. Lilikuwa la duara, kuta zake plastiki nene iliyoshikiliwa na nguzo za chuma, linasimama juu ya ardhi kama tenga kubwa, na kina chake kinafika kifuani. Obedi akalinunua pamoja na vifaa vyake: pampu, chujio, wavu wa kuopolea majani, dawa ya klorini na turubai zito la kufunikia.

Mhandisi alimweleza kila kitu. Chujio lioshwe mara kwa mara. Dawa itiwe kwa kipimo, isizidi wala isipungue. "Na ukishamaliza kuogelea, ufunike," alisema. "Bwawa la juu ya ardhi linapigwa na upepo kila upande. Usipofunika, unaupasha moto mji mzima wa Njombe."

Obedi alicheka, akaitikia. Akili yake ilikuwa tayari kwenye moto.

Nyumbani alisawazisha uwanja nyuma ya nyumba, akamwaga mchanga, akalisimamisha bwawa. Akachukua pipa la chuma, akaliunga liwe tanuri, na ndani yake akapitisha bomba lililokunjwa-kunjwa kama nyoka, ili pampu isukume maji yapite motoni na kurudi bwawani. Kuni hazikuwa shida. Mabaki ya miti ya miwati yalikuwa yamemjaa kiwandani. Akawasha. Moto ule ulinguruma mchana kutwa, majirani wakaja kuchungulia juu ya ua. Jioni maji yakawa ya uvuguvugu, mvuke unapanda.

Obedi akaingia na suruali yake, akampokea mkewe kutoka mikononi mwa Yustina, mdogo wake Agnetha aliyekuwa amekuja kumuuguza. Akamshika kiunoni. Agnetha alitazama maji, akafumba macho. Kisha ule mguu wa kulia, uliokuwa ukiburuzwa kama gogo, ukanyanyuka kidogo na kukanyaga mbele. Halafu tena. Yustina alipiga kigelegele, akajifunika uso kwa kanga. Obedi alikuwa analia, na hakujali nani anamwona.

Lau hadithi ingeishia hapo, methali isingekuwepo.

Usiku ule bwawa lililala wazi. Asubuhi Yustina alitumbukiza mkono, akautoa upesi. Yalikuwa baridi kama maji ya mtoni. Akamfuata Obedi.

"Shemeji, lile turubai liko wapi? Tungefunika jana."

"Nimefunikia mbao kule kiwandani. Mbao zile ni za mteja, zikinyeshewa zitapinda. Usiwe na wasiwasi, nitawasha tena."

Akawasha tena, na kesho yake tena. Lakini moto wa kupasha bwawa zima kutoka baridi mpaka uvuguvugu unakula siku nzima na rundo la kuni, na kiwanda nacho kilikuwa kimefunguliwa. Ikawa siku moja anawasha, siku mbili hawashi. Kisha ikawa Jumamosi tu. Chujio hakuna aliyeliosha. Dawa ilitiwa alipokumbuka, na alipokumbuka alitia nyingi mno, Agnetha akatoka macho mekundu. Majani ya mkaratusi yakaangukia majini, yakaoza, maji yakaanza kugeuka rangi na kuta kuteleza. Yustina aliopoa majani kwa wavu kila alipopata nafasi, lakini muuguzaji alikuwa mmoja na kazi za nyumba ni nyingi.

Na si maji peke yake yaliyopoa. Siku za mwanzo Obedi alikuwa akimlisha mkewe uji kwa mkono wake. Sasa aliondoka kabla mkewe hajaamka, akarudi mkewe amelala. Agnetha alibaki kitandani akisikiliza mlio wa msumeno kule bondeni. Mguu ukaanza kusahau tena.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Obedi aliwaalika mchungaji na wanakwaya waje wamwone Mama Lukelo akitembea majini. Alikuwa na hakika. Tangu alfajiri alijaza tanuri mpaka pipa likawa jekundu. Lakini siku hiyo upepo ulikuwa mkali, nao ulikomba joto kila lilipofika juu. Wageni walipofika, Obedi alipitisha kiganja juu ya maji, karibu na bomba linaloleta maji ya moto, akaona yanafaa. Hakupima chini.

Mara hii Yustina ndiye aliyeingia na dada yake. Maji yalipomfika magotini alishtuka kwa baridi. "Dada, tutoke," alinong'ona.

Agnetha alitikisa kichwa. Aliwaona wanakwaya wenzake wamejipanga kando. Akamwona mumewe amesimama mbele yao, uso unang'aa kama wa mtoto. Akakanyaga hatua, meno ameyauma. Akakanyaga nyingine. Watu wakapiga makofi, wakaanza wimbo. Agnetha alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na hakuna aliyejua kwamba mguu ule ulikuwa umekakamaa kama chuma.

Jioni alianza kutetemeka. Wakamfunika mablanketi, wakamwekea jiko la mkaa mlangoni, hakuacha. Jumatatu alikuwa hospitalini, mapafu yamevimba, anapumua kwa msaada wa mashine.

Obedi alikaa kando ya kitanda. Safari hii hapakuwa na cha kujenga wala cha kuwasha. Alikaa tu, na kukaa ndiko kulikokuwa kugumu kwake kuliko kazi zote. Siku homa iliposhuka, Agnetha alifungua macho akamkuta.

"Mama Lukelo," Obedi alisema, "kwa nini hukusema maji ni ya baridi?"

Alichukua muda kuyakusanya maneno. "Ulikuwa... umefurahi."

Obedi aliinamisha kichwa. "Nitajenga tanuri jingine. Kubwa kuliko lile. Nitaweka mapipa mawili..."

Mkono wa kushoto wa Agnetha, ule mzima, ukainuka kutoka kwenye shuka na kumgusa mdomoni.

"Baba Lukelo. Moto... unao. Siku zote unao." Akapumzika, akavuta pumzi. "Moto unapasha. Kifuniko... ndicho kinatunza."

"Unasema turubai?"

Agnetha alimtazama. "Turubai," akasema. "Na wewe."

Obedi alitoka nje ya wodi, akaegemea ukuta. Alikumbuka lile paa la kanisa, ambalo hakurudi hata mara moja kulitazama kama linavuja. Aliwakumbuka wajane aliowapelekea ng'ombe. Hakujua hata mmoja wao alikula nini mwezi uliofuata. Akaona aibu, aibu ya mtu mzima, isiyo na mahali pa kuitua.

Akaenda moja kwa moja kiwandani. Mawingu yalikuwa yametanda. Vijana wake walimwona akilivuta turubai kutoka juu ya mbao wakadhani amechanganyikiwa.

"Bosi, mvua hiyo inakuja!"

"Naiona," alijibu.

Zile mbao zilinyeshewa, nyingi zikapinda, na mteja alikasirika sana. Obedi alimpasulia nyingine bila kunung'unika.

Kisha akalishughulikia bwawa upya. Alilikausha, akalisugua kwa brashi mpaka utelezi ukaisha, akajaza maji mapya. Akazungushia kuta zake magunia yaliyoshindiliwa unga wa mbao, ili upepo usizifikie. Alijifunza kipimo cha dawa mpaka akakijua kama anavyojua meno ya misumeno yake. Moto akaufanya mdogo, wa asubuhi na wa jioni, na turubai halikutoka juu ya maji ila wakati mgonjwa yumo. Sasa hapakuwa na mvuke wa kuvutia majirani. Bwawa lilikaa pale uani, limefunikwa, kimya, na ndani yake maji ni ya uvuguvugu kila siku.

Agnetha aliporudi nyumbani, Obedi aliingia naye majini mwenyewe, baada ya kutumbukiza mkono mpaka begani kupima chini. Wakatoka, akamkausha, akamlisha uji, akaenda kazini akiwa amechelewa. Kesho yake hivyo hivyo. Yako mambo ambayo msimuliaji hana la kuyasimulia, kwa sababu kila siku yanafanana. Miezi hiyo ilikuwa hivyo. Mpaka asubuhi moja Yustina alikuwa anachochea jiko, akageuka, akamwona dada yake amesimama mlangoni na fimbo. Ametoka kitandani peke yake. Yustina hakupiga kigelegele. Alimvutia kigoda, wakakaa pamoja, wakamenya viazi.

Agnetha aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mkono haukurudi kabisa, lakini alitembea kwa miguu yake kwenda kanisani, akaimba sauti ya pili, polepole, nyuma kidogo ya wenzake. Kilipomrudia kiharusi cha pili, alifia nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Obedi.

Watu walikuja msibani wengi mno. Walilia, walipika, walichimba, walizika. Matanga yakaanuliwa, kila mtu akarudi kwake, kama ilivyo ada. Na Obedi alibaki katika ile nyumba akijua sasa ukimya wake ulivyo.

Tangu hapo alibadilika kwa namna iliyowashangaza wengi. Mtu akifiwa, Obedi alifika kuzika kama wengine, akatoa kidogo, akaondoka. Walionong'ona kwamba amekuwa bahili hawakujua jambo moja. Mwezi ukipita, wakati mlango wa mfiwa hauna tena hodi, mzee yule alikuwa akitokea na mzigo wa kuni begani. Anapasua kuni, anakaa, anaongea kidogo au haongei kabisa. Wiki inayofuata anarudi.

Mjane mmoja alimuuliza, "Mzee Mligo, mbona unakuja watu wote walipokwisha kuondoka?"

Obedi aliendelea kupanga kuni ukutani.

"Siku ile moto waliuwasha wengi, mama," akasema. "Mimi nimekuja kufunika. Moto hupasha, kifuniko hutunza."