Ngao Iliyokinga Wote

Hapo zamani, enzi ambazo watawala walikuwa na nafasi ya kucheza mchana kutwa, Sultani wa mji wa Kigoe alipenda mchezo wa mashujaa kuliko chakula, na chakula alikipenda sana. Mchezo wenyewe ulichezwa juu ya mkeka uliochorwa vyumba. Kila mchezaji alikuwa na shujaa wake wa mti. Husema, "Shujaa wangu anapiga," kisha hutupa dadu kujua kama pigo limepata. Sheria ziliandikwa kitabuni, na moja ilisema: Mwenye Ngao humkinga kila aliye karibu naye, asipatwe na pigo lolote. Na huyo Mwenye Ngao, sanamu ya pili, alikuwa wa Sultani peke yake.

Basi siku moja aliitwa Kombo, mchukuzi wa maji, acheze. Akampiga shujaa wa Sultani aliyesimama pembe hii ya mkeka, hali Mwenye Ngao yuko pembe ile. Sultani akasema pigo halikupata, Mwenye Ngao amemkinga.

"Bwana, yule yuko mbali," akasema Kombo. "Aliye karibu ni wa chumba kilichopakana naye."

"Kitabu kimetaja chumba?"

"Hakikutaja, bwana."

"Basi usikiongezee. Wote walio juu ya mkeka mmoja wako karibu."

Kombo akazidi kubisha, ikawa kosa, akatiwa gerezani mpaka atokee wa kumshinda Sultani kwa mchezo huo huo.

Mkewe, Mwanamize, alilia kidogo kisha akaacha, maana watoto watano walitaka kula na machozi hayaivishi kitu. Siku ya nne akawaacha kwa jirani, akachukua ukili wake wa kusuka, akaenda kwa Sultani.

"Umekuja kulia?" akauliza Sultani.

"Nimekuja kucheza, bwana. Kulia nimekwisha."

Baraza likacheka. Kadhi akasoma desturi: wachezaji hawainuki wala hawali mpaka shujaa mmoja ameanguka. Sultani akatupa dadu, ikaja sita.

"Shujaa wako amekufa. Nenda nyumbani."

"Hakufa, bwana. Amekingwa na Mwenye Ngao wako. Si tuko mkeka mmoja?"

"Mwenye Ngao hukinga watu wangu, ewe mwanamke, hakingi adui."

"Kitabu kimetaja watu wako?"

Kadhi akasoma mara mbili, akakohoa. "Hakikutaja, Seyidi. Kinasema kila aliye karibu."

Sultani akafikiri. "Basi nampiga Mwenye Ngao mwenyewe, afe, tumalize."

"Na nani aliye karibu naye kuliko yeye?" akauliza Mwanamize.

Kadhi akatazama dari.

Ikawa Sultani anatupa dadu na kila pigo linakingwa. Zamu ya Mwanamize ikifika, husema, "Shujaa wangu ameketi," akaendelea kusuka. Adhuhuri ikapita. Harufu ya pilau ikaingia, sinia likaletwa hadi mlangoni, likarudishwa, likaletwa tena.

"Wewe huna njaa?" akauliza Sultani.

"Ninayo, bwana. Ila mimi naijua, tunakaa nyumba moja."

Alasiri Sultani akaweka dadu chini. "Kadhi, andika. Aliye karibu ni wa chumba kilichopakana naye, basi."

"Ikiwa hivyo," akasema Mwanamize, "lile pigo la mume wangu lilipata. Alikushinda siku ile, bwana, nawe umemfunga mshindi."

Sultani akamtazama Kadhi, Kadhi akatikisa kichwa kukubali. Basi Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwendea upande, akaamuru Kombo afunguliwe saa ile.

"Nawe keti ule nami," akamwambia Mwanamize.

"Ahsante, bwana, lakini wangu hawajala. Sinia lile nikiliona linatutosha watu saba."

Sultani akaashiria litolewe. Kombo akatoka gerezani, akatwikwa sinia, mkewe akatangulia na ukili wake kwapani. Naye Sultani akaketi na tumbo lake, akimngoja mpishi awashe moto upya.