Kwa Nini Mkuu Hula Mboga Chapwa Kabla ya Kuongeza Ushuru

Zamani sana, mkuu aliweza kuamka asubuhi, akajinyoosha, akaongeza ushuru kabla hajanawa uso. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wakati huo watu wa mlima wa Kwembago walikuwa na chuma, wakifua majembe, na watu wa bonde la Rusende walikuwa na chumvi, wakiichemsha kutoka katika maji ya ziwa lao dogo. Kila upande ulikuwa na lango lake njiani. Mwenye kuingiza chumvi mlimani aliacha konzi moja langoni, na mwenye kuingiza jembe bondeni aliacha konzi moja ya chumvi pia. Kanda moja la chumvi, yaani mfuko mmoja wa ukili, lilinunua jembe moja. Watu waliishi hivyo miaka na miaka, wala hawakujua kwamba wana bahati.

Mkuu wa Kwembago aliitwa Kiondo. Alikuwa mfua chuma hodari, na kichwa chake kilikuwa kigumu kama fuawe yake. Siku moja walimjia wanawake waliokuwa wakichoma matete na kuchuja majivu yake wapate chumvi. Chumvi hiyo ilikuwa kijivu na chungu. Walilalamika kwamba tangu chumvi nyeupe ya bondeni ianze kuingia, yao hainunuliwi tena. Kwa kweli walikuwa na haki ya kulalamika, maana nao walikuwa na watoto wa kulisha. Kiondo akawaambia warudi nyumbani wakalale. Kesho yake alitangaza kwamba kila kanda linaloingia litaacha nusu yake langoni.

"Watu wa bondeni ndio watakaolipa," alisema, na wazee wake wakatikisa vichwa wakikubali.

Habari zilifika Rusende kabla ya jua kuchwa. Huko mkuu alikuwa Lukio, mtu mwembamba, mpole wa sauti lakini mwenye kinyongo cha muda mrefu. Naye akaamuru kwamba kila jembe litakaloingia bondeni lilipiwe kanda zima la chumvi. Alisema anamkomoa Kiondo.

Sasa huko Rusende palikuwa na mjane aliyeitwa Mbonea, mwenye watoto wanne na shamba moja. Jembe lake lilikuwa limekatika mwaka ule, na mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya. Alikuwa na kanda moja tu la chumvi, kazi ya mwezi mzima mbele ya moto. Akajitwika, akapanda mlima. Langoni wakamega nusu. Ile nusu iliyobaki akaipeleka kwa Naetwe, mke wa Kiondo, ambaye ndiye aliyekuwa akibadilisha majembe ya mumewe kwa chumvi. Naetwe alitazama kile kikanda kilichonywea, akaguna, kisha akaingia ndani akatoa jembe zima. Angefanyaje? Chumvi ya majivu ilikuwa imepanda bei tangu ikose mshindani, na siku hizo ilikuwa na majivu mengi kuliko chumvi. Ile ya ushuru nayo walipewa walinzi na wazee wasio na jamaa, kwa kuwa kwa desturi ya Kwembago mkuu na watu wa nyumba yake hawali kitu cha langoni.

Mbonea alishuka na jembe lake akifurahi. Alipofika lango la kwao, walinzi wakamdai kanda zima. Hakuwa nalo. Wakalichukua jembe, wakaliegemeza kwenye ua, wakamwambia akalete chumvi.

Alikwenda kwa Lukio. Lukio akamsikiliza vizuri, akampa kigoda na maji ya kunywa, kisha akamwambia, "Mwanangu, nakuonea huruma. Kiondo akishusha wake, na mimi nitashusha."

Siku iyo hiyo Mbonea alipanda tena mlima. Mvua ya kwanza ilimnyeshea njiani, akalia waziwazi, kwa sababu alijua watu wengine wako mashambani wakipanda, na yeye hana jembe. Alimkuta Kiondo anakula, akapiga goti, akaeleza.

"Lukio akishusha wake, na mimi nitashusha," alisema Kiondo.

"Mkuu, niwie radhi," alisema Mbonea. "Ulisema ushuru tutaulipa sisi. Mama Naetwe zamani alikuwa akipata kanda zima kwa jembe moja. Safari hii amepata nusu, na jembe ametoa lile lile. Hiyo nusu nyingine imelipwa na nani?"

Kiondo alimtazama mkewe. Naetwe akaendelea kupakua.

"Jibu, mama watoto."

"Nimelipa mimi," alisema Naetwe. "Nyundo unayopiga mwezi huu, nusu yake inaishia langoni kwako mwenyewe. Sikutaka kukuudhi."

"Na kule kwetu ni hivyo hivyo," alisema Mbonea. "Mzee Lukio anadhani anakukomoa wewe, na shamba lililolala ni langu."

Kiondo aliona aibu, na mtu wa namna ile akiona aibu hukasirika. Akaapa kwamba ndani ya nyumba yake haitaingia tena chumvi ya bondeni, na kwamba hatakula ile ya majivu pia, aone kama atakufa. Mbonea akazipeleka habari hizo kwa Lukio, naye, kwa kuwa hakutaka kushindwa na mtu wa mlimani, akaweka jembe lake darini na kuanza kulima kwa kijiti.

Basi yule akala mboga chapwa, na huyu akachubuka viganja. Siku ya kumi Kiondo alimtupia mbwa bakuli lake, na mbwa akanusa akaondoka. Lukio naye alikuwa hawezi hata kushika mwiko wa kusongea. Lakini kila mmoja alingoja mwenzake aanze, na kungoja huko kukamaliza mwezi.

Siku ya thelathini walikutana katikati ya malango mawili, wamekonda wote. Walikubaliana upesi sana. Ushuru ukarudi konzi moja pande zote mbili. Chumvi ya majivu ikaruhusiwa kuingia bondeni bila kulipiwa chochote, kwa kuwa Naetwe alijua inalainisha maharage kuliko kitu kingine, na wale wanawake wakapata wateja ambao hawakuwahi kuwaota. Na wakaafikiana kwamba hakuna upande utakaoongeza peke yake.

Mbonea alirudishiwa jembe lake siku hiyo. Akapanda mtama, ukaota vizuri, ukafika magotini, mvua ikakatika. Alivuna kikapu kimoja. Watoto wanne.

Na tangu siku hiyo, mkuu wa Kwembago akitaka kuongeza ushuru wa chumvi, lazima kwanza ale bila chumvi mwezi mzima. Na wa Rusende akitaka kuongeza ule wa majembe, lazima kwanza alime kwa kijiti mwezi mzima, mbele za watu. Wengi huanza kwa mbwembwe, na ikipita siku ya nane utasikia kwamba jambo lile limeahirishwa. Vijana huuliza kwa nini iwe mwezi mzima, kwa nini isitoshe wiki moja. Ni mwezi kwa sababu ndio muda ambao wakuu wawili walingojeana, jembe la Mbonea likiwa limeegemea ua, na mvua inanyesha.