Mfumo wa Mtu Mmoja

Wapendwa, kaeni kidogo niwape habari za mzee mmoja mpasua mbao. Msimtafute kwenye mabenchi, hayupo hapa, nimemtunga mwenyewe jana nikiwa nakunywa chai. Mzee huyu alikuwa na binti asiyeona tangu kuzaliwa. Binti yuko kidato cha nne, na kichwa chake ni chepesi kuliko vya wengi wetu humu ndani. Shida yake ilikuwa vitabu. Shuleni kitabu cha nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, kilikuwa kimoja kwa wanafunzi watatu, na mtihani ulikuwa unakuja.

Baba akajibana, akanunua laptop ya bei ndogo, nyepesi, ya kubebeka kwenye mfuko wa shule. Akaipeleka mjini kwa fundi wa kompyuta. Vijana naona mmeinua vichwa, leo mchungaji anaongea habari zenu. Na nyie wazee wenzangu msisinzie, jambo lenyewe ni rahisi. Kompyuta bila mfumo ni bati tu. Mfumo ndio unaoiamsha na kuiambia ifanye nini. Sasa ile kompyuta ilikuwa dhaifu, haiwezi kubeba mfumo wowote tu, kwa hiyo ilibidi wachague.

Fundi akawaonyesha mifumo mitatu. Wa kwanza ulipendeza sana kwenye kioo, lakini mzito, ungeichosha ile mashine ndani ya mwezi. Wa pili ulikuwa mwepesi, ila ulijua kusoma Kiingereza tu, na Kiswahili uliking'ata mpaka hakieleweki. Wa tatu ulikuwa mwepesi, na ulisoma Kiswahili safi, kwa sauti ya mwanamume mpole. Binti aliposikia sauti ile alicheka. Baba akaona hapo hakuna cha kutafuta tena.

"Lakini mzee, nikwambie ukweli," fundi akasema. "Huu mfumo ni huria. Yeyote anaruhusiwa kuona ulivyo ndani, kuurekebisha, kusaidia. Ila mpaka sasa anayeutunza ni mtu mmoja, na hiyo sauti ni yake. Tena kompyuta yako ni ndogo, haiwezi kuihifadhi sauti yote. Itakuwa inaichota kwa intaneti kutoka kwenye mashine iliyo nyumbani kwake."

"Ni bure?"

"Ni bure."

"Basi weka huo."

Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngeuliza nini kingine? Mimi nisingeuliza.

Kila binti alipoiwasha, sauti ile ilianza hivi: "Karibu. Ndugu mtumiaji, kazi hii naifanya peke yangu, na afya yangu si nzuri. Naomba msaada wako." Halafu ikaendelea, maneno ya kama nusu dakika. Siku ya kwanza walisikiliza mpaka hapo kwenye msaada. Baba akasema, mimi mpasua mbao nitamsaidia nini mtu wa kompyuta? Akaomba waonyeshwe namna ya kuyaruka yale maneno, na fundi akawaonyesha kitufe. Binti akakizoea. Baada ya wiki moja kidole chake kilikuwa kinafika pale kabla hata sauti haijamaliza kumkaribisha.

Akasoma. Nawaambia, alisoma. Baba akirudi na vumbi la mbao kichwani anamkuta yuko na ile sauti, historia leo, biolojia kesho. Ikawa kama mtu wa nyumbani. Walimwita "yule wetu". Jina lake hawakulijua, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Wiki tatu kabla ya mtihani, sauti ikanyamaza. Kompyuta inawaka vizuri, spika kimya. Wakaongeza bando, wapi. Wakarudi kwa fundi, naye akahangaika weee, mwisho akasema mashine ya yule bwana haipatikani. Baba akapandwa na hasira. Akamtaka fundi aandike barua pepe, yeye akawa anamtajia maneno: kwamba binti yake ana mtihani, kwamba mtu mzima haachi kazi njiani bila kuaga, kwamba kama alijua hawezi asingeianza.

Jibu lilikuja siku ya nne. Lilikuwa limeandikwa na dada wa yule bwana. Fundi akalisoma, baba na binti wamekaa.

"Ndugu yangu, pole kwa usumbufu. Kaka yangu tulimzika mwezi uliopita. Alikuwa na saratani ya koo. Wiki iliyopita tulimaliza kugawa vitu vyake, tukafunga nyumba na kuzima umeme, nadhani ndiyo sababu. Nimesoma barua alizotumiwa. Ni nyingi, na zote zinauliza mfumo una nini. Hakuna iliyouliza yeye ana nini. Hakuwa anaomba mafundi. Koo lilipoanza kumzuia kurekodi maneno mapya, aliomba mtu yeyote amsomee maneno mia mbili kwenye simu na kumtumia, ili sauti hiyo iwekwe kwenye mashine nyingine na kazi iendelee bila yeye. Alieleza yote katika yale maneno ya mwanzo. Labda hamkuyasikiliza mpaka mwisho."

Baba akainamia mikono yake. Ni binti aliyesema, polepole: "Baba, lakini mimi nina sauti."

Kwenye mtihani akaingia hivyo hivyo, bila ile sauti. Msiniulize alipata nini.

Sasa tuje kwetu. Sisi tunapenda sana kitu kinachofanyika chenyewe. Tunakuta pamefagiliwa, tunakuta maji yamechotwa, tunamshukuru Mungu, tunakaa. Kila mmoja anaamini kwamba anayefanya ameshaulizwa hali na mwenzake.

Mama Twilumba Mgaya amedeki kanisa hili kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja. Mwezi wa pili aliniambia pale mlangoni, "Mchungaji, mgongo huu." Nikamjibu, "Bwana atakutia nguvu, mama," nikampa mkono aliyekuwa nyuma yake.

Leo asubuhi nimepanda hapa nikakuta vumbi kwenye mimbari. Mfano huu ninao tayari, nimeutunga mwenyewe, na bado nilikasirika. Nikasema moyoni, huyu mama siku hizi ana nini? Nikafuta kwa leso, tukaanza ibada. Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili nilipotambua kwamba lile halikuwa swali. Nilikuwa nalalamika. Naona aibu kuwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hayupo leo. Na Jumapili iliyopita sikumbuki kama alikuwepo. Nani anakumbuka?

Ibada ikiisha sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nakwenda kwake. Ila nyumba yake siijui, miaka yote hii sijawahi kufika. Anayeijua anyooshe mkono anipeleke.

Wanakwaya? Wazee wa kanisa?

Hata mmoja?

Basi tusimame. Wimbo wa mwisho hatutaimba. Tutoke sote, tukaulize njiani.