Petroli ya Kufika Misheni

"Jamani, mafuta yatatufikisha?"

Aliyeuliza ni shangazi yangu Kabula, akiwa amelazwa kwenye sakafu ya Landrova, magoti juu, mgongoni gunia la pamba. Garini walikuwemo watu wengine wanne. Wote walitazama nje, kana kwamba ni mbuga ya Wembere iliyoulizwa.

Niwaambie kwanza watu hao walikuwa nani, maana hukumu mtatoa ninyi.

Lushinge alikuwa dereva wa chama cha ushirika, enzi zile pamba ikiwa pamba na chama kikiwa na gari. Kipaji chake kilikuwa mguu wa kulia. Alikanyaga mafuta kama mtu anayepapasa yai chini ya kuku.

Mama Nyanzobe alikuwa mkunga. Kipaji chake kilikuwa vidole. Akikuwekea mkono tumboni anakuambia mtoto amelalaje na ana haraka kiasi gani.

Masele alikuwa mchunga ng'ombe, na kipaji chake kilikuwa macho. Akitazama majani tu, anajua kama chini yake kuna ardhi ngumu au tope jeusi linalomeza gurudumu.

Wa nne ni Jilala, mume wa Kabula. Huyu kipaji chake siku ile kilikuwa kelele.

Na Landrova yenyewe niitaje kwa heshima, maana za aina ile hazipo tena. Nyuma turubai, mbele bapa kama ukuta, ndani harufu ya petroli iliyochanganyika na mbegu za pamba. Mpaka leo baba yangu akinusa petroli jua likiwaka husema, "Hii ndiyo harufu ya wakati tulipokuwa na kitu chetu." Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa zamani. Mafuta yalipimwa kwa kijiti.

Mtoto wa Kabula alikuwa amekingama tumboni. Bila kisu cha daktari wa misheni, ng'ambo ya mbuga, wangekufa wote wawili. Petroli ilikuwa adimu mwaka ule, na iliyokuwemo tangini ndiyo iliyokuwepo.

Sasa, kijijini kwetu gari la mgonjwa liliendeshwa kwa namna moja tu: mbio na honi. Dereva asiyekimbia hana huruma, na atasemwa mpaka kaburini. Asubuhi ile wanawake walijipanga njiani wakipiga kelele, "Kanyaga, Lushinge! Kanyaga!" Akakanyaga. Kijiji kikaridhika.

Walipokipita kijiji, Lushinge alisimamisha gari, akatumbukiza kijiti tangini. Kilitoka kimelowa chini sana kuliko alivyotarajia. Hapo ndipo Kabula alipouliza lile swali.

"Unasimama kufanya nini?" Jilala alifoka. "Mke wangu anakufa, wewe unachovyachovya vijiti!"

"Bwana mdogo, hili si gari, ni kabati," Lushinge alimjibu. "Ukilikimbiza unasukuma upepo kwa petroli. Nusu ya tuliyochoma tumempa upepo."

"Basi tambaa, tufike mwakani!"

"Nikitambaa kwa gia ndogo, nako injini italia bila kwenda. Kuna mwendo mmoja wa katikati: gia kubwa, injini inanong'ona. Huo ndio utatufikisha, mwingine haupo."

Na mwendo huo aliushika. Hakukimbia penye tambarare, hakukanyaga breki ovyo. Aliliachia gari lishuke lenyewe na kulipandisha polepole. Bila mguu wa Lushinge, mafuta yangekwisha katikati ya mbuga.

Lakini kabla hawajaondoka pale, Jilala aliurukia usukani. "Shuka, niendeshe mimi!" Ndipo Mama Nyanzobe alipoweka mkono juu ya tumbo la Kabula, akasema, "Jilala, kaa chini wewe. Chupa haijapasuka, muda tunao. Ila mkirukaruka kwenye mashimo haya itapasuka hapa hapa. Halafu utamkanyagia nani?" Jilala akaachia usukani. Neno lile halikuwa na mtu mwingine wa kulisema. Bila vidole vya Mama Nyanzobe, nani angemruhusu Lushinge aende taratibu?

Mbele zaidi, barabara ilikuwa imezama topeni. Kawaida ya madereva ilikuwa kuunganisha magurudumu yote, gia ndogo, na kunguruma mpaka ng'ambo. Petroli ile haikutosha kunguruma. Masele akapanda juu ya boneti.

"Kulia! Fuata majani mafupi. Ng'ombe hupita hapo masika."

"Unanizungusha, we Masele!" Lushinge alilalamika.

"Nakuzungusha kwenye gumu. Njia fupi ile pale, nenda kazikwe nayo."

Walizunguka sana, lakini gia kubwa haikushushwa. Bila macho ya Masele, tope lingeinywa petroli yote.

Kwenye geti la misheni injini ilikohoa, ikazimika. Gari likaserereka kimya mpaka barazani. Daktari alifanya kazi yake. Mtoto wa kike akatoka mzima, na mama yake akafumbua macho.

Katika ukoo wetu, mtoto aliyeokolewa hubeba jina la aliyemwokoa, awe mwanamume au mwanamke. Mwenye jina huwa mzazi wa pili: ana sauti kwenye posa, ana kiti kwenye kila sherehe. Kikao kikaitwa.

"Mmefika kwa petroli, na petroli niliitunza mimi," alisema Lushinge.

"Mguu wako ulipewa ruhusa na vidole vyangu," alisema Mama Nyanzobe. Alisema kwa sauti ndogo. Hakujaliwa mtoto, na jina lake halikuwa na pengine pa kuishi.

"Ruhusa na mguu vingekuwa topeni hadi leo," alisema Masele.

Wazee wakavutana mpaka pombe ikaisha. Na hapa, samahanini, damu yangu huchemka. Kikao kizima, hakuna aliyemgeukia Kabula! Aliyelala juu ya chuma ni nani? Mimi nilimuuliza mwenyewe, nikiwa msichana, tukichambua mboga. Akaniambia, "Kila uchungu ulipopanda nilitaka kusema kanyaga. Ningelisema mara moja tu, Lushinge angekanyaga, angewezaje kukataa? Nililimeza pamoja na upindo wa khanga." Nikamuuliza mbona hakuyasema hayo kikaoni. Akacheka, akaniambia, "Shule yenu hiyo inawafundisha maswali ya ajabu."

Basi wapo wanne, Kabula akiwemo, na jina ni moja. Ukimwondoa yeyote, hakuna mtoto wa kumpa jina.

Msiniulize mtoto aliitwaje mwishowe. Mkijua, mtaacha kufikiri na kuanza kukubali. Tena msiniletee ile hoja ya uvivu kwamba wote wanastahili sawa. Hilo nalijua, ndiyo maana nauliza.

Ungekaa wewe kwenye kikao kile, yule mtoto ungempa jina la nani? Naomba utaje mtu mmoja, na uniambie sababu.