Kenge Aliyemsubiri Kuku wa Mama Kima

Paukwa!

Pakawa!

Hapana. Hiyo si pakawa, hiyo ni miayo. Nawe baba uliyeegemea nguzo, usinifanye niusimulie ukuta. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, alikuwako Mama Kima. Mama Kima alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja, Siwatu. Siwatu alikuwa na miguu dhaifu. Watoto wenzake wanaruka matawini, yeye amekaa chini anawatazama. Wanaruka, anatazama. Wanaruka, anatazama. Mama yake akimwona hivyo, anakisukuma chakula kando.

Wakunga wa msituni wakamwambia mtoto wa namna hiyo hupewa yai. Yai kila siku, mpaka miguu ishike. Basi Mama Kima akatafuta mayai. Na mayai yalikuwa kwa nani? Kwa Kenge.

Kenge alikaa ukingoni mwa mto na tenga lake la mayai. Aliyatoa wapi? Mimi sikuwapo, na nyinyi mnamjua Kenge. Yai moja alilitoa kwa kibaba cha mtama. Mama Kima akapeleka kibaba. Kesho kibaba. Kesho kutwa kibaba. Kenge alipoona mama huyu hana pengine pa kwenda, akasema mayai siku hizi yamekuwa adimu, sasa ni vibaba viwili. Mwezi ukaandama, vikawa vitatu. Ghala la Mama Kima likaanza kuonyesha sakafu, na mvua bado haijanyesha.

Mama Kima akafikiri, akaona heri afuge mwenyewe. Akafunga nusu ya mtama uliobaki, akaenda nao kijiji cha pili, akarudi na tembe mwekundu kwapani. Tembe, nawaambia nyinyi mnaomjua kuku akiwa sahanini tu, ni kuku jike ambaye bado hajataga.

Kenge aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akakohoa. Akapanda kutoka mtoni, akasimama uani kwa Mama Kima, akamwimbia:

Yai langu halili mtama,
yai langu halichafui mlango,
yai langu halimwiti mwewe.
Fuga, dada, fuga,
tutaonana mtoni!

Sasa mimi nitasema kweli, maana sipendi wasimulizi wanaodanganya watoto. Kenge hakusema uongo. Yule tembe alikula. Asubuhi alikula. Mchana alikula. Jioni alisimama mlangoni, anataka tena. Akaparura kitalu cha mchicha mpaka mizizi ikaota jua. Banda likataka miti, miti ikataka kukatwa, na Mama Kima mikono yake ni miwili. Mwewe akashuka, fyuu! akamkosa kidogo tu. Na yai je? Hakuna yai. Mtama unaingia upande mmoja, upande wa pili inatoka mbolea.

Mama Kima akaupima mtama aliokwisha kuumwaga. Ungemnunulia bakuli zima la mayai ya Kenge. Akalia. Akajifuta machozi, akaenda kumwaga mwingine.

Kulikuwa na kichuguu nyuma ya nyumba, kimejaa mchwa tele, na mchwa ni chakula ambacho kuku hakikatai. Mama Kima alijua. Alikwenda na jembe lake akapiga, nga! Jembe likaruka, mikono ikafa ganzi. Kichuguu kile kilikuwa kigumu kupita nguvu zake, akakiacha.

Siku zikapita. Asubuhi moja, te-te-te-teee! Mama Kima akakimbia bandani. Yai! La moto, lake mwenyewe, halikupimwa kwa kibaba cha mtu. Siwatu akalila. Kesho yake, te-te-te-teee! Siwatu akala. Haukupita muda akashika ukuta, akajivuta, akasimama. Miguu inatetemeka, lakini amesimama. Mama Kima akapiga vigelegele peke yake uani, hakujali nani anamsikia. Tangu siku hiyo hakuonekana tena mtoni.

Jogoo wa jirani naye alikuwa akipitapita pale, na hakuhitaji kuitwa, wakubwa mnanielewa. Mama Kima akayaacha mayai kadhaa bandani. Kuku akaacha kutaga, akayakalia, akaanza kuatamia.

Huko mtoni tenga la Kenge likaanza kunuka. Mayai hayana mnunuzi. Kenge akawaza, kisha akatabasamu. Mnaijua ada. Mgeni akifika kwenye nyumba yenye kuku hapewi mchicha, huchinjiwa kuku. Ukimnyima, aibu yako inatangulia kila uendako. Na kuku wa Mama Kima alikuwa mmoja tu. Akichinjwa, banda limekwisha, miguu ya Siwatu imekwisha, na mama mtu atarudi mtoni na vibaba vyake.

Kenge akajipaka mafuta, akachukua fimbo, akaenda. Hodi! Akakaribishwa, maana mgeni hafukuzwi. Akakaa kwenye kigoda, akauliza hali, akasifu nyumba. Akasema njia ilikuwa ndefu na tumbo lake linamkumbusha. Macho yake hayakutoka bandani.

Mama Kima akainuka. Akaenda bandani, akachungulia. Kuku alikuwa amesikia kila neno.

"Mama Kima," akanong'ona, "kisu umekinoa?"

"Sijakinoa. Umekalia mayai?"

"Nimekalia."

"Basi kalia hivyo hivyo. Usiyaache kwa lolote."

Mama Kima akarudi kwa mgeni wake, akapiga goti. "Bwana Kenge, kuku yupo," akasema. "Ila anaatamia, na kuku anayeatamia hachinjwi, ni mwiko. Siku atakayoshuka na vifaranga, mgeni wangu atachinjiwa. Utaweza kungoja?"

Kenge akahesabu moyoni. Leo ni kuku mmoja. Akingoja, ni kuku na vifaranga juu. Mate yakamjaa. Akasema atangoja, hana haraka.

Siku ya kwanza akapewa ugali na mchicha. Siku ya pili akapewa mchicha na ugali. Siku ya tatu jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Mama Kima huyo mlangoni, na jembe mkononi.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Ada ndiyo iliyokuleta kwangu, Bwana Kenge. Na hii nayo ni ada."

Kenge akalitazama jembe. Akalitazama banda. Akikataa jembe ataondoka, akiondoka amemkosa kuku. Akalishika jembe. Mama Kima akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha kichuguu.

Na Kenge, jamani, kuchimba anajua! Jembe pu! Makucha kwara! Jembe pu! Makucha kwara! Kichuguu kikapasuka, mchwa wakamiminika. Kuku akitoka kidogo kunywa maji, anawakuta, anadonoa do-do-do, anarudi kwenye mayai yake. Mchwa wengine wakakaangwa chunguni kwa chumvi, Siwatu akala hata akalamba vidole. Kuku hakuhitaji tena mtama wa ghalani.

Kichuguu cha kwanza kilipokwisha, kikafuata cha pili. Kisha banda likataka miti, Kenge akakata. Likataka kuezekwa, Kenge akaezeka. Mwewe akipita angani anamwona Kenge juu ya paa, anageuza njia. Kila jioni Kenge anauliza kama kuku ameshuka. Anaambiwa bado. Majirani wakamwambia, bwana wee, nenda kwako, unakonda. Lakini sikio la kenge mnalijua.

Hata asubuhi moja, chwi, chwi, chwi! Kuku akashuka. Nyuma yake vifaranga, weusi, wekundu, wenye madoa, uani pamejaa. Kenge akalitupa jembe chini, kwa!

"Ameshuka!" akasema. "Nichinjie sasa, na hawa wote wawe mashahidi."

Majirani walikuwa wamekuja kuona vifaranga, wamejaa uani. Kuku akawafunika vifaranga kwa mbawa. Siwatu akamshika mama yake nguo. Mama Kima hakuinua sauti.

"Kichuguu kile alichimba nani?"

"Mimi."

"Banda hili aliezeka nani?"

"Mimi, nani mwingine?"

"Sasa Bwana Kenge, mgeni gani huyo, wa kuchimba na kuezeka mpaka mayai yakaanguliwa? Wewe si mgeni tena. Wewe ni mtu wa nyumba hii. Na mtu wa nyumba hii hachinjiwi kuku, anakula tunachokula. Mchicha uko jikoni, jipakulie."

Kenge akageuka. Akawatazama mashahidi wake mwenyewe. Wale mashahidi walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Vigelegele vikapasua msitu. Na Siwatu akaiachia nguo ya mama yake, akavuka ua mzima akikimbia nyuma ya vifaranga, bila ukuta, bila mkono wa mtu. Mama Kima akamwona. Ndipo akalia tena, na safari hii hakujifuta.

Kenge akashika njia ya mtoni. Alipofika, akayamwaga mayai yake yaliyooza, na hakuna aliyekuja kuuliza bei. Msimu uliofuata vifaranga wa Mama Kima wakawa matembe, na kila nyumba msituni ikaja kumwomba tembe mmoja.

Sasa sikieni, wakubwa kwa watoto. Anayenunua yai hulipa kila siku, tena kwa bei ya mwingine. Anayefuga hulipa kwanza, hula baadaye. Kufuga kuna gharama, asiwadanganye mtu, na siku ngumu ni zile za katikati, umekwisha lipa na bado hujala. Hapo ndipo atakuja mtu na hodi tamu kukuomba kuku wako. Mwambie angoje, umpe jembe.

Ngano yangu haina njia tena, imefika. Mwenye banda na akafunge mlango, na mwenye usingizi namruhusu sasa.