Ukiuguza Kidonda, Uliza na Paja

"Ukiuguza kidonda, uliza na paja." Mama Hoza aliwaambia hivyo vijana wa kamati ya maji walipokuwa wakiziba bomba, ilhali hakuna aliyepanda kuitazama chemchemi. Vijana wakacheka, kisha wakamuuliza msemo huo umetoka wapi. Akaketi juu ya gunia la saruji, akawaambia: methali hii ilianza hivi.

Huko Soni alikuwapo mwashi aitwaye Shekigenda, mtu wa miraba minne. Kisukari kilimpata utu uzimani, na polepole kikamwondolea hisia za nyayo. Siku moja alipovua buti, mkewe, Bi Mwanaidi, akaona soksi imelowa damu. Msumari ulikuwa umepenya soli tangu asubuhi, naye hana habari.

Kidonda kikachimba. Bi Mwanaidi akakivalia njuga. Kila siku alikisafisha na kukifunga kama alivyofundishwa zahanati. Wageni waliokuja kumjulia hali mgonjwa, salamu zikiisha tu, husema, "Hebu tukione." Hufunguliwa, wakainama, wakatikisa vichwa.

Kwa kuiogopa sukari, Bi Mwanaidi alimwondolea mumewe karibu kila chakula. Mayai hapana, maana jirani alisema yanatia usaha. Maharage hapana, nyama hapana. Kikabaki kikombe cha uji mwepesi na mchicha. Na kwa kuwa mgonjwa alikatazwa kuukanyagia mguu ule, hakuinuka kabisa. Alilala miezi mitatu.

Kidonda kikaanza kufumba, nyumba ikafurahi. Ndipo akafa Mzee Kaniki wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa na ugonjwa uleule. Kidonda chake kilikuwa kimebaki kama punje ya hindi. Matangani watu waliulizana, "Sasa kimemuua nini?" Bi Mwanaidi akarudi nyumbani na swali hilo kifuani.

Wiki ile akampeleka mumewe zahanati. Walimkuta muuguzi mgeni, binti aitwaye Tumsifu. Alifungua kitambaa, akatazama, akafunga tena.

"Kidonda kinaendelea vizuri," alisema. Bi Mwanaidi akashusha pumzi. "Na mwenye kidonda je? Baba, shika magongo, usimame kwa mguu mzima."

Shekigenda akajivuta, akaanguka tena kitini, jasho likimtoka.

"Naomba kuona paja."

Paja la mtu mzima halitazamwi ovyo. "Mwanangu," Shekigenda akasema, "ugonjwa uko unyayoni. Paja langu unalitafutia nini?"

"Nalitafuta kweli, baba. Sioni lilipo."

Bi Mwanaidi akaipandisha kanzu ya mumewe kwa mkono wake. Mguu ule aliushika kila siku, lakini kuanzia kifundo kushuka chini. Hapo juu palikuwa na mfupa na ngozi inayoning'inia. Paja la mwashi halikuwapo. Machozi yakamlenga.

"Ni mimi," alisema. "Nimemnyima mwenyewe."

"Ulikuwa unamlinda, mama. Lakini mwili ukikosa chakula na ukikaa bure, hujila nyama zake. Kidonda kitajengwa na nini? Na homa ndogo ikija, itapigana na nani? Wengine kidonda kinafumba, wao wanakwisha."

Bi Mwanaidi akamkumbuka Kaniki.

Tumsifu akapima damu, akaona figo ziko salama. Akaagiza dawa zisiachwe, ugali uwe kiasi cha ngumi, na kila mlo uwe na yai, maharage, dagaa au maziwa. Tena mgonjwa aketi kitini na kuinyoosha miguu hewani, mmoja mmoja, asubuhi, mchana na jioni, bila kukikanyagia kidonda.

Siku tatu Shekigenda alilisukuma yai kando. "Litanitia usaha."

"Nilipokunyima hukubisha," mkewe akasema. "Leo nakupa, ndiyo unajua kubisha?"

Shekigenda akacheka, mara ya kwanza tangu ule msumari. Akala.

Siku ya kwanza mguu uliinuka mara mbili, ukashuka kama gogo. Baada ya mwezi ukafika mara kumi. Plamu zilipoiva, alisimama mlangoni kwa magongo, wapita njia wakapiga vigelegele. Kisha malaria ikamkamata, homa kali, juma zima. Bi Mwanaidi alikaa kando ya kitanda akiogopa hata kumwita jina, asije asiitike. Siku ya nane mgonjwa akafumbua macho, akauliza, "Leo hakuna maharage?"

Kidonda kilifunga mwisho wa mvua. Ngazi hakupanda tena, lakini aliishi miaka mingi akiwafundisha wengine kupanga tofali, yeye ameketi.

Siku moja akaja mwanamke kutoka Mbuzii, mama yake ana kidonda cha kisukari. Akaanza kueleza upana wake na rangi yake, akaomba atajiwe dawa.

"Mama amekula nini leo?" Bi Mwanaidi akauliza. "Anaweza kuinuka kitini?"

Mgeni akashangaa. "Bibi, nimekwambia kidonda kiko kisiginoni."

"Nimesikia, mwanangu. Mpeleke zahanati wakakitibu. Lakini ukiuguza kidonda, uliza na paja."